Wanawake Aliowafufua Mume Wangu

Mwezi wa tano nilimrushia mume wangu mkasi wa kukatia vitambaa. Ulipita upana wa vidole viwili kutoka sikio lake la kushoto, ukakita kwenye mlango wa kabati, ukabaki pale unatetemeka. Naanza na mkasi kwa sababu sitaki msomaji anidhanie mgonjwa mpole. Wagonjwa wapole wapo, nimekaa nao benchi moja, Mungu awazidishie. Mimi simo. Nilikuwa na hasira tangu siku ya kwanza, na hata leo nikiandika haya haijaisha yote.

Nawaandikia kina mama wanaosema Kiswahili wanaofika kwenye kliniki ya saratani ya matiti niliyotibiwa mimi. Sista mmoja wa pale ana tabia ya kuwaambia, "Nenda kamwone yule fundi wa Bellevue." Wanakuja na kitambaa mkononi kana kwamba wanataka kushonewa, halafu wanafunga mlango na kuanza kulia. Ugonjwa wenyewe sitaueleza, hiyo ni kazi ya daktari. Nitaeleza nilivyoishi nao kuanzia joto la mwisho hadi baridi kali, na kosa tulilofanya nyumbani kwetu, ili ninyi msilirudie.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mume wangu, Shabani, ni mtu wa Dar es Salaam, Tandika. Tuna miaka kumi na minane Johannesburg, na mingi tumeiishi mtaa wa Bellevue, katika vyumba viwili vya nyumba kuukuu iliyogawanywa kwa mbao nyembamba, mpaka kikohozi cha jirani unakijua kwa jina. Mimi nashona. Shabani ni mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi Braamfontein, anarudi saa moja asubuhi, analala mpaka mchana. Binti yetu Nuru ana miaka kumi na sita, kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza au Kizulu, na Kiswahili cha maneno mawili matatu tu. Kizulu changu mimi ni cha kazini: bei, rangi, kipimo, kata hapa, ongeza pale. Kiingereza changu ni cha salamu. Kwa hiyo ndani ya chumba cha daktari, Shabani ndiye alikuwa masikio yangu na mdomo wangu.

Na Shabani si mtafsiri wa kubahatisha. Ujanani alitafsiri sinema katika banda la video. Waliokulia kwetu wanajua: mtu anakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, anapunguza sauti ya sinema, kisha anakuwa yeye wote, jambazi, bibi harusi, mtoto mchanga na mbwa. Watu walichagua banda kwa kufuata mtafsiri, wala hawakuuliza sinema gani. Na sheria ya banda ilikuwa moja: steringi hafi. Yule mhusika mkuu apigwe, achomwe, atupwe baharini, lakini mwisho asimame. Shabani aliwahi kupata sinema ambayo steringi alipigwa risasi na kufa kweli, naye akatafsiri kama ilivyo. Wateja walimpiga kwa mguu wa benchi mpaka jino la mbele likang'oka. Tangu siku ile, kila steringi aliyeanguka mbele ya Shabani alikuwa amezimia tu.

Pengo lile analo mpaka leo. Nilimpenda kwa hadithi ile, na nilikuwa nikimchokoza kwayo mbele ya wageni.

Dozi ya kwanza niliipata mwisho wa mwezi wa pili, jua bado linachoma. Chumba cha kungojea kina mabenchi yaliyofungiwa sakafuni, na ukifika saa kumi na mbili asubuhi umeshachelewa. Usidhani watu wagonjwa ni watulivu. Siku ile ile ya kwanza niliona wanawake wawili wakigombea nafasi ya karibu na dirisha. Mmoja alimzaba mwenzake kofi, skafu zikadondoka, wote wawili vichwa vitupu, wakashikana shingo mpaka walinzi wakaja. Bibi mmoja wa Soweto aliyekaa pembeni yangu hakuwatazama hata. Aliona miguu yangu inatetemeka, akanifunika kwa nusu ya blanketi lake, akaendelea kumenya chungwa.

Dawa ile ni nyekundu kama sharubati ya rozela. Inaingia kwenye mshipa taratibu, na jioni ukienda haja ndogo unatoa wekundu ule ule. Siku ya pili nilitapika mpaka nikatapika upepo. Siku ya tatu mdomo ulipasuka vidonda, hata mate yalikuwa pilipili. Nilijilaza sakafuni penye ubaridi, nikawa napiga sakafu kwa ngumi, pu, pu, pu, na jirani akidhani tunatwanga.

Hapo ndipo Shabani alipolivuta katoni.

Mzee mmoja mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa amehamia kwa mwanawe Durban, akaacha katoni la sidii za sinema za kutisha za zamani, nyingi hazina hata rangi, nyeusi na nyeupe. Zilikuwa thelathini na moja. Shabani alipofunga pazia mchana ule na kuwasha deki, nilimtukana.

"Mimi nakufa, wewe unaniletea mashetani?"

"Mama Nuru, hebu tulia," akasema. "Siku mbaya, sinema moja. Siku mbaya sana, mbili. Tutazimaliza kabla ya baridi. Na mimi nitatafsiri kama zamani, bure, huna haja ya kukata tiketi."

Akachukua chupa tupu ya maji, akaishika kama kipaza sauti, akaanza.

Sijui kwa mtu mwingine, lakini mimi sinema zile zilinifaa kuliko dua nyingi nilizoletewa. Hospitali hakuna anayepiga kelele. Unachomwa, unakatwa kipande, unaambiwa tarehe, na wewe unasema asante. Ndani ya sinema zile watu walipiga kelele kwa mapafu yote. Kulikuwa na daktari mwenye glovu moja nyeusi aliyewanyonga wagonjwa wake kwa mkono ule ule. Kulikuwa na kiumbe cha udongo kilichobamiza vichwa vya watu ukutani kama mayai. Damu ilikuwa nyeusi kama oili chafu, na ilimwagika kwenye ngazi, kwenye mashuka, kwenye gauni la harusi ambalo mimi kama fundi nililionea huruma kuliko mwenye nalo. Mwanamke alipofungua mdomo kupiga yowe, na mimi nilipiga, ndani ya mto. Nikimaliza, napata nafuu ya kunywa uji.

Nje miti ya mtaa ilianza kugeuka njano. Kwetu Tanga majira haya hayapo. Mti ukimwaga majani yote, ujue una mchwa. Majani yalipoanza kumwagika barabarani, nywele zangu nazo zilianza kubaki kwenye mto. Mama Esperansi, jirani yetu kutoka Bukavu, msusi, alikuja kuninyoa. Alininyoa huku analia, kisha akaiona televisheni.

"Mama Nuru, hizi filme zinaleteaka mapepo mu nyumba! Pasteri wetu anazikatazaka kabisa."

"Basi usitazame."

"Sitazame. Naangaliaka tu mara moja." Akakaa kitandani na wembe mkononi. Dakika kumi hazikupita, alikuwa amesimama. "Kimbia, mama! Iko nyuma yako! Yesu wangu, huyu mwanamuke hasikiake?" Alimpiga yule kiumbe wa udongo kwa mto wangu, mto ukachanika. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na pasteri hakuambiwa.

Dozi ya pili katikati ya mwezi wa tatu. Dozi ya tatu mwanzoni mwa mwezi wa nne. Kucha zikawa nyeusi, ulimi ukapoteza ladha ya kila kitu isipokuwa tangawizi. Daktari wetu alikuwa dada kijana, mwenye macho yasiyolala. Baada ya dozi ya tatu alinipima uvimbe kwa kidole na kwa rula, akapima tena. Mimi nimepima watu maisha yangu yote. Najua uso wa mtu ambaye kipimo hakijamridhisha. Akamgeukia Shabani, akasema maneno mengi, ungeweza kupiga pasi shati zima akawa hajamaliza.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema tuendelee," akajibu Shabani.

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Wasomi wanapenda maneno."

Nilicheka. Mnisamehe, lakini nilicheka. Shabani akamjibu daktari kwa Kiingereza kirefu, akinionyesha kwa mkono. Sista akaniinamia akaniuliza kwa Kizulu kama ninaogopa. Nikamwambia ndiyo, ninaogopa, maana nilidhani anaulizia sindano. Akaandika kitu kwenye faili.

Dozi ya nne ilikuja mwisho wa mwezi ule. Safari hii daktari alilibamiza faili mezani. Nikamuuliza Shabani kulikoni, akasema labda dada wa watu amegombana na mumewe. Njiani kurudi hakunishika mkono. Alitembea mbele yangu hatua mbili, na kwenye robot, yaani taa za barabarani, alivuka ikiwa nyekundu.

Mwezi wa tano mwanzoni, katoni lilikuwa limebaki sidii nne. Baridi ya asubuhi ilikuwa imeanza kuuma. Mchana mmoja tulikuwa tunatazama sinema ya mwenye kinu cha kusagia unga aliyewafukuza wanawake mpaka kwenye gurudumu la maji. Steringi, msichana mwenye kibwebwe cheupe, aliteleza, gurudumu likamvuta chini. Maji yakatoka meusi. Shabani akaishika chupa yake.

"Lakini msichana mjanja," akasema kwa sauti ya bandani, "amepiga mbizi, ametokea ng'ambo ya mto, anapanda basi kurudi kwao! Na huyu polisi anasema, mama usilie, mwanao nimemwona stendi, anakula mahindi."

Nuru alikuwa amesimama mlangoni na begi la shule, anatafuna andazi. Akacheka.

"Eish, Baba! Polisi hajasema hivyo. Amesema wameupata mwili wake. Amevunjika shingo."

"Steringi hafi," Shabani akasema, bila kumtazama.

"Huyu amekufa. Na yule wa juzi amekufa. Wote wanakufa, Mama," Nuru akanigeukia, bado anacheka, "Baba anawafufua."

Kwamba Shabani anatia chumvi nilijua, ndiyo kazi yake. Sikujua kwamba anaficha maiti. Nilikaa kitandani nikawahesabu, yule aliyeanguka ngazi, yule wa kisimani, yule aliyenyongwa kwa glovu nyeusi, wote alioniambia wamezimia tu, watapelekwa hospitali, ila sinema haionyeshi. Wakati nahesabu, nikaliona jambo lililokuwa mbele yangu muda wote. Kwenye sinema mtu akisema neno moja, Shabani anatoa hotuba. Kwa daktari, daktari anatoa hotuba, na Shabani anatoa neno moja.

Shabani alikuwa amepunguza sauti, anakunja pazia. Mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu mwenye hatia, na sikuwa nimeuona kabla ya siku ile.

Sikumuuliza. Ningemuuliza angetafsiri. Kesho yake, Shabani akiwa amelala fofofo baada ya zamu, nilimzuia Nuru asiende shule, nikamwambia twende hospitali. Kumbebesha mtoto mzigo ule ni jambo ambalo mpaka leo linanisonga, lakini nyumba nzima hakukuwa na mwingine mwenye Kiingereza kisichokuwa na mapenzi ndani yake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Kumbe na Nuru alikuwa nayo, ila alikuwa nayo na ukweli pamoja.

Hatukuwa na miadi. Tulikaa benchini tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Mwanamume mmoja alituambia turudi kwetu tukatibiwe huko. Yule bibi wa blanketi, ambaye alikuwepo kwa dozi yake, alimtupia ganda la chungwa usoni na kumwambia kitu kwa Kizulu ambacho siwezi kukiandika. Baadaye daktari akapita, akaniona, akasimama.

Ndani ya chumba nilimwambia Nuru, "Sema kila neno. Usiongeze, usipunguze. Hata kama ni baya, lete kama lilivyo."

Daktari alianza. Nuru alitafsiri kwa Kiswahili, na hapo tangu azaliwe sijawahi kumsikia akisema Kiswahili kirefu namna ile, kimevunjika huku na huku, lakini kila neno lilikuwa zima.

"Anasema... uvimbe haujapungua. Dawa haifanyi kazi. Tangu dozi ya tatu alisema waache dawa, wakate titi lote, haraka. Alitoa tarehe. Baba akasema wewe umekataa. Akasema wewe unaogopa kisu, unaomba muda." Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye sketi ya shule. "Anasema dozi ya nne alikupa ili usikae bure. Dozi ya nne pia alitoa tarehe. Mama, anasema mwezi mzima anakungoja wewe."

Daktari alinisogezea faili, akaweka kidole kwenye mstari. Nuru akasoma: mgonjwa amethibitisha kwamba anaogopa.

Nilisikia kelele, kisha nikagundua ni mimi. Lilikuwa yowe la sinema, lile la ngazini, na safari hii mto haukuwepo. Sista aliingia mbio. Nilikipiga kiti teke kikagonga ukuta. Daktari hakunizuia, alingoja, mikono mapajani, mpaka pumzi ikanirudia.

Halafu nikamtazama yeye, si Nuru, na nikatafuta katika Kizulu changu cha kazini. Neno nililokuwa nalo ni lile ninaloambiwa na wateja kila siku, kitambaa kikiwa mezani.

"Sika," nikasema. Kata. Nikajichora kwa kidole kuanzia kwapa mpaka katikati ya kifua, kama ninavyochora kwa chaki. "Sika, dokotela. Sika konke." Kata yote.

Akatoa karatasi. Niliisaini mwenyewe, herufi kubwa, mpaka kalamu ikatoboa.

Mkasi nilimrushia saa tisa na nusu alasiri. Alikuwa ameamka, amekaa na kikombe cha chai, ameshatoa sidii inayofuata. Nilimwuliza swali moja tu: "Daktari alisemaje baada ya dozi ya tatu?" Akafungua mdomo, nikaona anatengeneza sauti, ile ya bandani, na mkono wangu ukawa umeshatupa.

Baada ya mkasi nilimrushia pasi, ilikuwa ya baridi, ikamgonga bega. Nikampiga kwa rula ya mbao mpaka ikavunjika, nikampiga kwa nusu iliyobaki. Hakujikinga. Nuru alikuwa anapiga kelele, Mama Esperansi akaja akanikumbatia kwa nyuma akaninyanyua, sikuwa na uzito wowote wakati ule. Sijivunii. Mikono niliyompigia ilikuwa na kucha nyeusi zinazobanduka, na mbili zilibaki kwenye shati lake.

"Dada yangu walimkata," Shabani akasema, kutoka sakafuni. "Amina. Siku ya tisa tukamzika. Na yeye nilimwambia kubali, dada, daktari anajua. Mimi ndiye nilimwambia." Alikuwa anatokwa damu mdomoni, karibu na lile pengo. "Nikasema safari hii sisemi. Nikasema labda dawa itafanya kazi, Mungu mkubwa."

"Na uvimbe uliutafsiria nini? Uliuambia nao umezimia?"

Nilimfukuza. Alikwenda kulala kwenye kibanda cha walinzi kazini, na kwa wiki tatu alikuwa anaacha mlangoni kwetu mfuko wa machungwa na tangawizi, anagonga, anaondoka.

Walinikata mwezi wa sita, asubuhi ya umande ulioganda juu ya nyasi kama chumvi. Nilipoamka kulikuwa na bomba ubavuni na kifua kimefungwa, upande mmoja mlima, upande mmoja uwanja. Shabani alikuwa amekaa mbali, karibu na mlango wa wodi, kofia mkononi. Alikaa siku tatu saa zote za kutembelea. Siku ya nne nilimwomba maji, kwa kuwa sista alikuwa mbali na kiu haina kiburi.

Walikuta ugonjwa umeshafika kwapani, mahali pawili. Nilimwuliza daktari, kupitia Nuru, kama usingefika huko endapo wangenikata mwezi mmoja kabla. Akasema hakuna anayeweza kulijua hilo. Nimeishi na jibu hilo. Siku nyingine linalala, siku nyingine linaamka na kuniuma, na siku hizo Shabani ananijua, anatoka nje kuosha sufuria ambazo ni safi.

Alirudi nyumbani mwezi wa saba. Sikumpa msamaha, nilimpa adhabu. Nililiburuta lile katoni mpaka katikati ya chumba kwa mkono mmoja wenye nguvu.

"Tunarudia zote," nikamwambia. "Kuanzia ya kwanza. Safari hii kila maiti aitwe maiti."

"Mama Nuru..."

"Kaa."

Nuru alikaa katikati yetu kama refa. Baridi ilikuwa kali, tulikuwa na hita ndogo na mablanketi yote ya nyumba, pamoja na Mama Esperansi. Sinema ya kwanza, yule mwanamke alipoanguka ngazi, Shabani aliishika chupa na sauti haikutoka. Akajaribu tena. "Ame... ameumia vibaya."

"Baba," Nuru akasema.

"Amekufa," akasema Shabani, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, isiyo ya bandani. Akaitua chupa. Hakuishika tena.

Aliwaua wote, mmoja mmoja, mwezi mzima. Yule wa kisimani alimfanya Shabani atoke nje kwanza, akarudi, akasema. Alipofika kwa msichana wa kinu alilia waziwazi, akamtaja Amina, akasimulia siku zile tisa ambazo katika miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kunisimulia. Mama Esperansi alimshika kichwa akamwombea kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa nashona: nilikuwa najitengenezea titi la kitambaa, nimelijaza mtama ili liwe na uzito, maana pamba tupu inapanda juu ukitembea. Hilo ninawafundisha wote wanaokuja. Na jambo la pili ninalowafundisha ni hili: anayekupenda akushike mkono, lakini mtu mwingine pia awepo anayesikia.

Mwezi wa tisa, mionzi ilipokwisha na miti ya mtaa imeanza kutoa vichipukizi, tulikwenda kwa daktari sote watatu. Shabani aliomba atafsiri yeye. Nuru alinitazama, nikakubali, ila yeye akae pale pale, akisikiliza.

Daktari aliukagua mshono, akanipima kwapa, akaosha mikono. Nikamwambia Shabani amuulize lile swali: umekwisha, au utarudi? Akamwuliza, Kiingereza chake kikikwama mara mbili. Daktari alinitazama mimi wakati anajibu. Hayakuwa maneno mengi.

Niliona mdomo wa Shabani ukitafuta, niliona lile pengo, na nilijua kabisa jinsi ambavyo angeweza kunifurahisha.

"Anasema hajui," akasema. "Leo hauonekani popote. Kama utarudi, hajui."

Nilimgeukia Nuru. Nuru aliitikia kwa kichwa, ndivyo ilivyosemwa.

Nilimshika Shabani mkono, tukatoka kwenda kupanga miadi ya baada ya miezi mitatu.